Bega linaalika na kukwaruza wiki 15 baada ya operesheni: je, kano imekatika tena?

Swali: Assalamu alaikum. Mimi ni mwanamme wa miaka 47, naishi Wete. Niliteleza juu ya mkarafuu nikaangukia mkono wa kulia. Dar es Salaam nilipigwa MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku), nikaambiwa kano moja ya bega imechanika, nikafanyiwa upasuaji wa matundu. Leo ni wiki ya 15. Maumivu yamepungua sana na mkono unapanda, lakini kila nikiunyanyua bega linaalika "ko" kwa mbele, na nikilizungusha kuna mkwaruzo nyuma kwenye kombe, hata mke wangu akikaa pembeni anausikia. Jirani kaniambia nyuzi zimekatika. Mwengine kanishauri nikakandwe kwa mafuta ya karafuu mpaka bega "likae". Je, kano imekatika tena? Na msimu ukifika nitaweza kupanda?

Jibu:

Wa alaikumu salamu, kaka. Nianze na lile linalokukosesha raha: kwa ulivyoeleza, kano yako haielekei kuwa imekatika. Kano iliyoshonwa ikiachia, kwa kawaida mgonjwa hulijua tukio lenyewe (kavuta kitu, kateleza akajishika, kanyanyua ndoo), kisha maumivu ya usiku hurudi, na mkono uliokuwa ukifika juu ya kichwa wiki iliyopita sasa hukwama usawa wa kifua. Kwako maumivu yanashuka na mkono unapanda. Hata hivyo usiridhike hapo, kwa sababu zipo kano zinazoachia kidogo kidogo bila ya maumivu makali, na hizo hazijulikani kwa kusikiliza mlio. Hujulikana kwa kupima nguvu. Nimekueleza hapa chini namna ya kupima, wewe na mkeo, hapo hapo nyumbani.

La pili: una milio miwili, na kila mmoja una pahala pake. Ule wa mbele na ule wa nyuma haitoki sehemu moja na haitibiwi kwa njia moja. Ukiichanganya utafanya mazoezi ya mmoja ukitarajia mwengine uondoke, mwisho ukate tamaa.

Unaponyanyua mkono kutoka ubavuni mpaka juu kabisa, digrii 180, takriban digrii 120 hutoka kwenye kiungo chenyewe, pale kichwa cha mfupa wa mkono kinapokaa kwenye kombe la bega. Digrii 60 zilizobaki hutoka kwenye kombe likiteleza juu ya mbavu. Juu ya kichwa cha mfupa kuna kipaa cha mfupa kinachoitwa akromioni, na nafasi baina ya viwili hivyo, kwa watu wengi, ni milimita 7 hadi 14 tu. Ndani ya nafasi hiyo finyu hupita kano ya msuli wa supraspinatasi, ambayo ndiyo huchanika mara nyingi zaidi, pamoja na kifuko chembamba cha ute kinachoilainishia njia. Mbele kidogo, kwenye mfereji wa mfupa, hupita kano ndefu ya baisepsi.

Sasa tazama operesheni imefanya nini hapo. Ili kamera inayopitishwa kwenye tundu ione, daktari hujaza bega maji ya chumvi. Ndiyo maana siku za mwanzo baadhi ya wagonjwa husikia bega likibubujika, na hilo huondoka lenyewe maji yakishanyonywa na mwili. Kisha ili aifikie kano, mara nyingi hulazimika kukiondoa kile kifuko cha ute, chote au sehemu yake. Mwili hukijenga upya, lakini kwa miezi. Mpaka hapo kano iliyovimba kidogo, yenye mafundo ya uzi juu yake, inapita chini ya kipaa bila ya ulaini iliyoizoea. Mikwaruzo midogo na kualika katika mwezi wa tatu, wa nne na wa tano, bila ya maumivu, ni jambo tunaloliona sana, na kwa wengi hupungua kadiri misuli inavyopata nguvu na makovu ya ndani yanavyolainika.

Kuhusu nyuzi alizozitaja jirani: nyuzi zinazotumika siku hizi aghalabu ni za plastiki iliyosukwa (polyethylene). Haziyeyuki, zinabaki humo maisha, na zimefungwa kwenye nanga ndogo zilizotiwa ndani ya mfupa. Kazi yao kubwa ni wiki 6 mpaka 12 za mwanzo, kuibana kano kwenye mfupa mpaka nyama mpya ishike. Kwenye wiki ya 15 mzigo umeshaanza kubebwa na nyama hiyo mpya. Na uzi ukikatika ndani hautoi mlio unaojirudia kila mkono ukinyanyuliwa.

Kabla ya kupima chochote, itafute karatasi ya operesheni. Sisemi ile ya kuruhusiwa hospitali yenye majina ya vidonge. Nasema ile daktari aliyoandika alichofanya ndani. Kama hukupewa, iombe, ni haki yako. Tafuta mambo haya: kano gani ilishonwa na mpasuko ulikuwa sentimita ngapi, nanga ngapi zimetiwa na ni za aina gani, kano ya baisepsi imeachwa, imekatwa, au imehamishwa na kushikizwa pahala pengine, na kama kipaa cha mfupa kimekwanguliwa au ncha ya mtulinga imepunguzwa. Kila moja katika hayo hubadilisha maana ya mlio. Mtu ambaye baisepsi yake imekatwa kwa makusudi hawezi kuwa na mlio wa baisepsi kuruka mferejini, na yule aliyeachiwa anaweza. Aina ya nanga nayo ina maana: za titani huonekana kwenye eksirei na mtu anaona kama zimehama, lakini za plastiki na zile zinazoyeyuka hazionekani. Kwa hiyo ukiambiwa "eksirei ni safi", uliza kwanza nanga zako ni za nini.

Sasa pima mlio. Fanya mara moja tu kwa wiki, na kila mkao usizidi mara tatu. Nalitilia mkazo hili kwa sababu tabia ya kulialisha bega mara hamsini kwa siku ili kuona kama bado linalia ndiyo, kwa maoni yangu, inayowachelewesha wengi. Sehemu inayosuguana haipati nafasi ya kutulia.

Kwanza ondoa uwezekano wa gesi. Ndani ya ute wa kiungo mna gesi iliyoyeyuka, na kiungo kikivutwa ghafla huibuka uwazi wa gesi, hapo husikika mlio. Mwaka 2015 watafiti wa Kanada waliupiga picha kwa MRI vidole vikialishwa, wakauona uwazi huo ukitokea. Alama ya mlio wa gesi ni kwamba ukishatoka hautoki tena kwa dakika 20 hivi. Mlio unaorudi kila mara, kwenye pembe ile ile, si gesi. Kuna kitu kinapita juu ya kitu. Wako, kwa maelezo yako, ni wa namna hii ya pili.

Vua shati, kaa kwenye kiti kisicho na egemeo, umpe mkeo mgongo. Aweke kiganja chake bapa sehemu nne, moja baada ya moja, na kila mara wewe unyanyue mkono polepole kwa sekunde 5 na kuushusha kwa sekunde 5. Sehemu ya kwanza ni mbele ya bega, vidole viwili chini ya kona ya kipaa. Ya pili ni juu kabisa, pale mtulinga unapokutana na kipaa, kwenye kijinundu. Ya tatu ni ubavuni mwa bega, chini tu ya ukingo wa kipaa. Ya nne ni nyuma, ukingo wa ndani wa kombe, ule unaoelekea uti wa mgongo. Pale mkono wake unapohisi mtetemo mkubwa zaidi ndipo mlio ulipo, hata kama masikio yanakwambia vyengine, maana sauti husafiri kwenye mfupa na kudanganya. Halafu afanye hivyo hivyo kwenye bega la kushoto. Wengi hushangaa kukuta bega zima nalo linakwaruza, ila hawakuwahi kulisikiliza.

Baada ya hapo badilisha mambo matatu. Nyanyua mkono gumba likitazama juu: mkao huo huliondoa nundu la mfupa chini ya kipaa. "Ko" ikipungua au kutoweka, chanzo kiko chini ya kipaa: mafundo ya uzi, kovu, au kifuko kisichokamilika. Kisha nyanyua ukiwa umekunja kiwiko. Mkono mfupi una mzigo mdogo, na mlio ukipungua maana yake misuli bado haijamudu uzito wa mkono wenyewe. Mwisho, mkeo aweke kiganja kwenye ncha ya chini ya kombe na, unapopanda, alisukume taratibu kuelekea ubavuni na juu. Mlio wa nyuma ukipungua kwa msaada huo, umepata jibu lake: misuli inayoliongoza kombe imelala.

Mlio wa nyuma ndio ninaouona rahisi kuutibu, na ndio watu wanaupuuza. Bega lililoshonwa kano hufungwa kitambaa shingoni wiki 4 mpaka 6. Muda wote huo mtu hukaa ameinama, bega limeingia mbele, na misuli miwili inayolibana kombe kwenye mbavu, seratasi ya ubavuni na sehemu ya chini ya trapeziasi mgongoni, inapoteza nguvu. Siku mkono unapoachiwa, msuli wa juu wa shingo ndio unaonyanyua kila kitu. Kombe linapanda likiwa limeinuka ukingo wake, linasuguana na mbavu na nyama iliyo katikati. Hapo ndipo mkwaruzo unapotoka. Hauhusiani na kano iliyoshonwa hata kidogo.

Wa mbele unahitaji uangalifu zaidi. Sababu yake ya kawaida kwenye wiki ya 15 ni kovu pamoja na kukaza kwa utando unaokizunguka kiungo kwa nyuma: nyuma ikikaza, kichwa cha mfupa husukumwa mbele na juu mkono unapopanda, na kano ya baisepsi au yale mafundo yakapita juu ya ukingo kama kamba inavyoruka kwenye ubao wa ngalawa. Ukiona mkono wa kulia haufiki kushika bega la kushoto kwa raha kama wa kushoto unavyoshika la kulia, una mkazo huo. Lakini kama "ko" inakuja pamoja na hisia ya bega kukamata, yaani linakwama sekunde moja kisha linaachia, au baisepsi imejikusanya karibu na kiwiko ikafanya donge, hapo mwone daktari. Hilo la pili humaanisha kano ya baisepsi imeachia. Kama ilikatwa kwa makusudi, donge hilo si la kutisha.

Nguvu sasa. Vipimo vitatu, taratibu, mkono wa kushoto kwanza ili ujue kawaida yako, kisha wa kulia.

Kaa, kiwiko kimekunjwa digrii 90 na kimegusana na ubavu. Mkeo akushike kwenye kifundo cha mkono, auzungushe nje mpaka karibu na mwisho wake, aurudishe kama digrii 5, aseme "shika hapo", auachie. Ukiweza kushika sekunde 5, vizuri. Mkono ukijirudia wenyewe kuelekea tumboni huku wa kushoto haukurudi, kano ya juu au ya nyuma haivuti.

Weka kiganja juu ya kitovu, kiwiko kiwe mbele ya mwili, ubonyeze tumbo. Kiwiko kikikimbilia nyuma na kifundo kikakunjika ili upate nguvu, kano ya mbele ni dhaifu.

Mkeo aunyanyue mkono wako kwa ubavuni mpaka usawa wa bega, aachie polepole huku kiganja chake kikiwa tayari chini, nawe uushushe ukihesabu mpaka tano. Mkono ukimwangukia ghafla, si dalili njema.

Kimoja kikishindikana waziwazi, usubiri siku tatu urudie, maana uchovu nao hufanya hivyo. Kikishindikana tena, nenda ukapimwe bila ya kuangalia kama bega linalia au halilii. Vyote vitatu vikipita, milio yako miwili ni kazi ya mazoezi.

Mazoezi yenyewe. Wiki ya 12 ndiyo watu wengi walioshonwa kano huruhusiwa kuanza ya nguvu. Kama mpasuko wako ulikuwa mkubwa, zaidi ya sentimita 3, huenda daktari alikwambia usubiri zaidi, na neno lake ndilo la kufuata. Pasha bega joto kwa kitambaa cha maji ya moto dakika 10. Kunja taulo au khanga, ulale chali nayo ikipita mgongoni usawa wa makombe, dakika 2, mikono imelala pembeni. Hii inaufungua mgongo ulioinama. Kisha, bado chali, nyosha mkono wa kulia kuelekea dari ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita, na bila ya kukunja kiwiko isukume juu sentimita 4 au 5 zaidi, shikilia sekunde 3, rudi. Mara 12, mizunguko mitatu. Linaonekana zoezi dogo lakini ndilo linaloiamsha seratasi, na ukiulizwa lipi moja usiliache, ni hili.

Kata mpira wa ndani wa baiskeli upate utepe mrefu wa mita moja na nusu, uufunge kwenye nondo za dirisha usawa wa kitovu. Vuta kwa mikono miwili mpaka viwiko vifike ubavuni, ukiyabana makombe yakaribiane na kushuka chini. Ukihisi shingo inafanya kazi, umevuta kwa bega. Punguza mvutano, anza upya. Mara 15, mizunguko miwili. Halafu simama ubavu wa kushoto ukielekea dirishani, khanga iliyokunjwa iwe baina ya kiwiko cha kulia na mbavu, uvute mpira kwa mkono wa kulia kutoka tumboni kwenda nje, polepole, urudi polepole zaidi. Mara 12, mizunguko miwili. Khanga ikianguka, kiwiko kimeondoka na zoezi limeharibika. Umalize kwa kuuvuta mkono wa kulia mbele ya kifua kwa mkono wa kushoto, sekunde 30 mara tatu, mvuto uuhisi nyuma ya bega. Ukiuhisi mbele, acha.

Ya nguvu ni siku tatu kwa wiki, kwa kuruka siku. Ya kunyosha ni kila siku. Maumivu wakati wa zoezi yasizidi 3 kwa 10, na kesho asubuhi bega lisiwe limechacha kuliko leo. Limechacha? Rudi nyuma kwenye mzunguko mmoja, usiache kabisa. Mlio peke yake, bila ya maumivu, usikusimamishe. Ipe milio yote miwili wiki 6. Wa nyuma utatangulia kupungua. Wa mbele huchelewa, na kwa baadhi ya watu hubaki kidogo siku zote bila ya madhara.

Mafuta ya karafuu sasa. Najua Pemba yapo na watu wanayaamini, lakini yana eujenoli nyingi, kemikali kali, na yakiwa mazito huunguza ngozi, sembuse ngozi changa ya kovu. Kwenye vitundu vya operesheni tumia mafuta ya nazi matupu, kidole kimoja, miduara midogo, dakika 5 kwa siku. Jeraha lako limeshapona, hapana tatizo. Mkeo kukukanda shingo na mgongo kwa upole ni vizuri pia. Ninachokukataza kwa nguvu zote ni kukandwa kwa kuvutwa, kuzungushwa kwa kishindo, au kukanyagwa ili bega "likae". Bega lako limekaa. Mvuto wa ghafla mkononi mwa mtu mwenye nguvu ndio hasa unaoweza kuing'oa kano ya miezi minne. Vilevile usikubali sindano ya steroidi begani bila ya aliyekupasua kujua, kwani hudhoofisha kano inayojengeka.

Yapo mambo ambayo hayasubiri wiki 6. Sauti kubwa ya ghafla yenye maumivu, na baada yake mkono hauna nguvu. Homa, joto begani, au kitundu kutoa maji. Mkwaruzo wa ndani kabisa unaozidi kila wiki huku maumivu yakizidi na mkono ukipungua kupanda. Huo unaweza kuwa nanga iliyochomoza ndani ya kiungo ikila gegedu (mfupa laini wa kiungo), na kila siku inayopita gegedu hairudi. Na moja ambalo hata hospitali hulikosa: bega lina vijidudu vyake vya polepole, Cutibacterium acnes, vinavyoishi kwenye ngozi. Maambukizi yake mara nyingi hayana homa wala usaha; ni maumivu yasiyoshuka na ukakamavu usioeleweka miezi baada ya operesheni. Vipimo vya damu vinaweza kutoka vizuri, na sampuli ikichukuliwa lazima maabara iiweke kama siku 14 kabla ya kusema hakuna kitu. Wewe huna dalili hizo, lakini mwengine anayesoma hapa huenda anazo. Kwa homa au kitundu kinachotoa maji, nenda hospitali iliyo karibu nawe siku hiyo hiyo. Usingoje boti ya kwenda Unguja au Dar.

Ikibidi kupimwa, omba kwanza ultrasaundi ya bega kwa anayeijua. Ni rahisi kuliko MRI, na kubwa zaidi, unaweza kuusogeza mkono huku anatazama, akaiona kano inapoalika. MRI ya kano iliyoshonwa katika mwaka wa kwanza huonesha weupe na unene hata kwa kano inayopona vizuri, na wengi wametiwa hofu bure kwa ripoti yake. Mwambie mkeo akurekodi kwa simu ukinyanyua mkono, sauti isikike, uende nayo pamoja na ile karatasi ya operesheni. Na kama hujapima sukari karibuni, pima. Sukari ikiwa juu, na sigara, huichelewesha kano kushika kuliko jambo jengine lolote lililo mikononi mwako.

Sala: kwa wiki ya 15 takbira haina tatizo. Kwenye kusujudu magoti yatangulie, mikono ifuate, na ukiinuka uzito uegemee mapajani. Kama pana mizani ya kupimia uzito, piga magoti mbele yake, bonyeza kwa kiganja cha kulia; ukifika kilo 10 bila ya maumivu, sijda ya kawaida unaimudu. Kabla ya hapo sali kwa kukaa, na mgonjwa ana ruhusa yake. Kukuna nazi kwenye mbuzi anza na nusu moja. Ndoo ya lita 20 bado.

Na mikarafuu. Majaribio yaliyofanywa kwa kondoo yalionesha kano iliyoshonwa ina kiasi cha thuluthi ya nguvu zake kwenye wiki ya 6, nusu kwenye mwezi wa tatu, na asilimia 80 hivi kwenye mwezi wa sita. Mtu si kondoo, lakini mwendo ni huo. Kuchuma kwenyewe si tatizo kubwa. Tatizo ni matawi ya mkarafuu, yanakatika upesi, na mtu anapojishika kwa mkono mmoja mwili mzima huning'inia begani. Kwa hiyo mimi sikuruhusu kabla ya miezi 6 kwa hali yoyote, na kwa mpandaji ninapendelea miezi 9, daktari wako akiridhia.

Ukifika mwezi wa sita jipime hivi. Funga mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki, kwenye nondo za dirisha usawa wa kiwiko. Tia kitanzi cha kitambaa kwenye kifundo cha mkono, khanga baina ya kiwiko na mbavu kama kwenye zoezi, uvute kwenda nje taratibu kwa sekunde 3 na mkeo asome. Mara tatu kila mkono, uchukue kubwa. Kushoto kukitoa kilo 8, kulia kusipungue 7. Kisha pampu za mikono (pushapu), ukutani kwanza, halafu mezani, mwisho chini: 10 bila ya maumivu. Mwisho shika boriti, miguu bado iko chini, uuache mwili uvute kidogo kidogo kwa sekunde 20. Moja ikishindikana, rudi kwenye mpira wa baiskeli wiki 4 nyengine, upime tena.

Msimu ukikukuta kabla ya hapo, kaa kwenye kuchambua na kuanika. Kuchambua karafuu na makonyo ukiwa umekaa, mikono chini ya usawa wa kifua, ni kazi inayokufaa tangu sasa. Inuka kila nusu saa uyabane makombe mara 10. Kukunjua majamvi na kuzigeuza karafuu juani kwa mkono wa kushoto kunawezekana pia. Gunia lisibebwe na wewe mwaka huu.